Neno Alilosema Soumaya

Nyakabiga, Bujumbura
4 Februari 2024

Mdogo wangu Houda,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Anouar. Sisi huku tupo, alhamdulillah. Mama anakusalimu. Goti lake bado linamsumbua, lakini ulimi hauna ugonjwa wowote, juzi alimfukuza muuza makaa mpaka mwisho wa barabara kwa maneno tu. Shemeji yako Faridi anakwenda garaji kila asubuhi na kukaa bure. Magari ya mji huu yamelala kwenye foleni ya mafuta, na gari lisilotembea haliharibiki.

Ninakuandikia kwa sababu kwenye simu tumeshindwana. Nikipandisha sauti unaniambia mtoto anasikia. Nikinyamaza unaniambia mtandao umekatika. Marehemu Baba alitufundisha kuandika Kiswahili chake cha Kigoma kabla hatujajua Kifaransa, basi na kifanye kazi. Barua inabebwa na Amélie, muuguzi wa jirani anayerudi Ubelgiji. Ataitia posta akifika.

Soumaya aliondoka hapa Agosti. Ulisema atapasuliwa moyo Septemba, atapumzika, na mwaka mpya utamkuta nyumbani. Mwaka mpya umepita. Kila nikikuuliza siku ya ndege unasema dokta hajaamua. Sasa Jumapili iliyopita nilimuuliza mwanangu mwenyewe, "Unarudi lini, mama?" Akacheka. Akasema, "Me quedo, mama. Me quedo." Nikamwambia aseme kwa Kiswahili. Akanyamaza kidogo, kisha nikasikia sauti yako ikisema mtoto anakwenda kuoga.

Saa kumi alasiri, Houda? Anakwenda kuoga?

Niandikie maana ya neno hilo. Nimeligeuza kichwani wiki nzima kama mtu mwenye mfupa kooni. Mtoto wa miaka minane aliyezaliwa Nyakabiga ameniambia jambo, na mimi niliyemzaa sikulielewa. Sitaki kukasirika kabla ya kujua ninakasirikia nini.

Msalimie Anouar.

Dada yako,
Zubeda


Zaragoza, Hispania
10 Machi 2024

Dada yangu Zubeda,

Waaleikum salaam. Barua yako imefika, na nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha nilijua tu kwamba nimegombezwa. Ramadhani inaanza kesho, Mungu atupokelee saumu zetu. Mwambie Mama nitamtafutia dawa ya kuchua goti. Hapa upepo wa baridi haujalala tangu Januari. Bibi ninayemtunza ametimiza miaka tisini na tatu na anataka kwenda kucheza dansi.

Soumaya anakula vizuri. Kidonda kimefunga, kimebaki mstari mwembamba kifuani ambao anawaonyesha watu kama medali. Ana rafiki shuleni, na mwalimu wake anamsifu kwa jinsi anavyokamata lugha.

Sasa hilo neno. Linatoka kwenye kitenzi quedarse, yaani kubaki. Hiyo se ya mwisho ni kwa sababu Wahispania wana vitenzi vingi ambavyo tendo linamrudia mtendaji mwenyewe, kama sisi tunaposema anajiosha, anajifuta. Mimi nikisema ni me, wewe ni te, yeye ni se. Me quedo, ninabaki. Te quedas, unabaki. Se queda, anabaki. Watoto hapa wanalitumia kutwa nzima: nabaki ndani, nabaki kucheza, nabaki kwa bibi.

Wiki ile darasa lao lilikuwa linapelekwa milimani kuona theluji, na yeye alikatazwa kwa ajili ya kidonda. Alikuwa akikuambia kwamba anabaki. Basi. Neno dogo la mtoto umelifanyia kesi.

Dokta anataka kumwona tena Juni. Tafadhali, ukipiga simu usimuulize maswali yanayomfanya anyamaze. Mimi ndiye ninayekaa na ukimya wake baadaye.

Mdogo wako,
Houda


Nyakabiga, Bujumbura
21 Aprili 2024

Houda,

Asalaam aleikum. Idi tumeila salama. Mvua haikatiki na ziwa limepanda. Wenye nyumba kule Kinindo upande wa majini wanatoa viti vyao kwa mtumbwi, watu waliozoea kutoka kwa gari. Mama alikupikia wewe pilau akalia, kisha akaila yote. Hukujibu salamu zangu kwa Anouar. Nimeona.

Siku ya Idi Soumaya alinitumia ujumbe wa sauti, "Idi mubarak, mama." Ahsante. Lakini hakuzima simu haraka, na nyuma yake ulikuwa ukiongea na mwanamke. Nilikusikia ukisema lile neno lako. Safari hii lilikuwa na mkia.

Unamkumbuka Orpha? Yule mama wa Uvira aliyepanga nyumba ya uani kwa kina Namegabe. Alikaa Malabo miaka mingi akipika hotelini, na Malabo Kihispania ndicho kinachotembea. Nikamwekea simu mezani asikilize. Akasikiliza, akaomba nirudie.

"Hii me quedo mi naijua muzuri," akasema. "Mutu anasema me quedo aquí, ni kusema anabakia hapa. Lakini huyu mudogo wako anasema me quedo con la niña. Hiyo con njo inaleta mambo."

"Con ni nini?"

"Ni na. Kubakia na mutoto."

"Si ndiyo hivyo? Amebakia naye. Kuna ubaya gani?"

"Mama Soumaya, inategemea. Kama wengine wanatoka na yeye anabakia ku nyumba kumuchunga, ni vile unasema. Lakini ku soko, ukichagua kitenge, ukikishika, unamwambia muuzaji: me quedo con este. Pale haubakie na kitenge kukichunga, apana. Umekitwaa. Kimekuwa chako."

Nikamuuliza, hapa ni kubaki kupi? Akasema neno peke yake halitoshi, mpaka usikie lililolifuata. Akasikiliza tena. Kisha akaanza kuvuta vuta kitambaa cha meza, nikajua.

"Huyu mwanamuke alimuuliza, na mama yake? Naye akajibu, mama yake ataelewa."

Sijaelewa, Houda.

Uliniandikia ukurasa mzima wa sarufi. Me, te, se, mimi, wewe, yeye, kama vile umenifungulia darasa. Ukanipa nusu ya neno, ile nusu isiyouma, ukaificha nyingine nyuma ya theluji. Orpha alipoondoka nilifua nguo zote za nyumba hii, hata zilizokuwa safi, mpaka Faridi akanishika mikono.

Kwetu wewe ni mama mdogo. Soumaya alikuita hivyo tangu ajue kusema. Jina hilo lilikupa haki ya kumlisha, kumfokea, kumlaza kitandani kwako. Halikukupa haki ya kulikata kipande cha nyuma ukabaki na cha mbele.

Nakuuliza, na unijibu kama Baba alivyokuwa akitaka tumjibu, tukiwa tumesimama: umebaki na mwanangu, au umemtwaa mwanangu?

Zubeda


Zaragoza
2 Juni 2024

Dada Zubeda,

Waaleikum salaam. Wote wazima. Dokta amemwona Soumaya wiki hii.

Umetaka jibu, chukua jibu. Nimeomba serikali ya hapa initambue kuwa mlezi wake. Yule mwanamke uliyemsikia ni mtu wa ustawi wa jamii, alikuja kutazama nyumba. Orpha amekuambia kweli. Nilimaanisha namchukua, ninamlea mimi. Haya, sasa piga kelele, nami nitapiga zangu.

Ile vali ya moyo waliyomwekea haikui naye. Akifika miaka kumi na miwili au kumi na mitatu itabidi wamfungue tena. Mara ya kwanza viza ilipatikana kwa sababu daktari mmoja mwenye roho alisimama mlangoni mwa ubalozi kwa niaba yetu. Nani atasimama mara ya pili? Nimrudishe, halafu tuanze kuomba tena, naye anabadilika rangi midomo? Wewe unayataka hayo? Mimi siyawezi.

Unaniambia nimekuficha nusu ya neno. Nikuambie nusu nyingine, ambayo hata Orpha haijui. Jioni ile baada ya upasuaji, muda wa wageni uliisha. Muuguzi akasimama mlangoni akasema ni mtu mmoja tu anayeruhusiwa kulala chumbani. Akauliza, "¿Quién se queda?" Nani anabaki? Nikageuka kuangalia, Zubeda. Kama mjinga niligeuka kuangalia nyuma yangu, kana kwamba kuna mtu. Hakukuwa na mtu. Nikasema, "Me quedo yo." Ninayebaki ni mimi. Nimelala kwenye kiti mwezi mzima. Nimemfundisha kukohoa bila kushika mshono. Nimemwosha damu.

Na siku ile nilikupigia simu tangu alfajiri. Hukupokea. Faridi hakupokea. Walipokuwa wamemfungua kifua, nilikuwa nimeegemea ukuta napiga simu, inalia tu, inalia tu. Ulipokea siku ya tatu, ukauliza, "Anaendeleaje?" kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya sukari. Hukulia. Hukuomba kuongea naye. Ukasema umechoka, ukakata.

Mama gani anachoka siku hiyo? Nilipewa nafasi ya mtu mmoja wa kumsindikiza, nikakuwekea wewe. Ukasema viza yako ina matatizo, ukamtuma na mtawa tusiyemjua. Nilikwenda kuuliza. Viza yako haikuwa na tatizo lolote. Hukwenda hata kuichukua.

Basi usiniite mwizi. Mwizi anachukua kitu ambacho mwenyewe amekishika.

Houda


Nyakabiga, Bujumbura
30 Juni 2024

Houda,

Sina salamu leo.

Sikwenda kuchukua viza kwa sababu nilikuwa na mimba ya miezi mitano na daktari alinikataza ndege. Sikukuambia kwa sababu ya zile mbili zilizotoka kabla, unajua jinsi nilivyokuwa nikitangaza na kisha kurudisha nguo za watu. Safari hii nilisema nitanyamaza mpaka mtoto alie.

Asubuhi ile Soumaya anaingizwa chumba cha upasuaji, mimi nilikuwa nimelazwa hospitali hapa mjini, na uchungu ulikuwa umeanza mapema mno. Simu ilikuwa kwa Faridi. Aliiona ikilia. Aliniambia baadaye alikaa nayo mkononi asijue aseme nini kwanza, na akaogopa kwamba unapiga kutuambia Soumaya amekufa. Hakutaka habari mbili siku moja. Mtoto alizaliwa adhuhuri. Wa kiume. Hakulia. Faridi na wanaume wa msikitini walimwosha, wakampa jina la Baba, Mohamadi, wakamzika alasiri. Mimi sikufika makaburini, nilikuwa bado navuja.

Siku ya tatu ndiyo nilishika simu. Nikakusikia unasema moyo wake unapiga. Ulitaka nilie? Ningeanza kulia, nisingenyamaza, na wewe ulikuwa peke yako na mgonjwa kule. Nilikupa sauti ya sukari kwa sababu ndiyo pekee niliyokuwa nayo iliyokuwa kavu.

Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba sikuwa nimemshika. Nilikuwa na watoto wawili asubuhi ile, mmoja kwako na mmoja tumboni. Mmoja yuko chini ya ardhi. Wa pili umemwambia mwanamke wa serikali kwamba ni wako, na kwamba mimi nitaelewa.

Ama kuhusu matibabu, hukuniuliza. Nilikwenda kwa daktari wa moyo mwenye zahanati yake Kinindo, nikamsomea majina yote ya dawa na vipimo uliyonitumia kwenye simu. Amesema uchunguzi wa kila miezi sita anaweza kuufanya hapa hapa, na wakati wa vali ya pili ukifika Dar es Salaam wanapasua watoto. Labda amekosea. Basi mwite kwenye simu, mgombane naye. Lakini mimi ndiye niulizwe, si mimi nielewe.

Na Anouar yuko wapi? Nilimsalimia, nikakukumbusha, barua zako zote kimya. Kama ameondoka, sema ameondoka. Huwezi kuliziba pengo lake kwa mwanangu.

Mlete kabla ya shule kufunguliwa.

Zubeda


Zaragoza
4 Agosti 2024

Dada,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu amrehemu Mohamadi mdogo na amfanye awe wa kukupokea huko mbele.

Nimeisoma barua yako nimesimama jikoni, nikaisoma tena, nikavunja sahani mbili makusudi. Bado nina hasira. Nina hasira kwa yale niliyokuandikia, na nina hasira zaidi kwako. Miezi kumi! Miezi kumi umenisalimia na kunieleza habari za muuza makaa, na kaburi liko pale. Uliniogopea nini? Mimi ni mdogo wako, si mgeni wa kuwekewa kitambaa kizuri mezani. Ulininyima kumlilia.

Anouar aliondoka Julai ya mwaka jana, wiki chache kabla Soumaya hajaja. Ana mwanamke Barcelona. Madaktari walikuwa wameniambia sitazaa, na yeye alisikiliza vizuri kuliko mimi. Sitaki kulizungumzia, nimekujibu kwa sababu umeuliza.

Ombi nimelifuta. Yule mwanamke wa ustawi aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Tutafika tarehe 24. Namleta mwenyewe, simkabidhi mtawa.

Soumaya nimemwambia leo asubuhi. Amejifungia chooni mpaka sasa. Jitayarishe.

Houda


Nyakabiga, Bujumbura
17 Novemba 2024

Mdogo wangu Houda,

Asalaam aleikum. Mama anashukuru kwa dawa ya kuchua, ingawa anaipaka mgongoni. Faridi amepata kazi ya kutengeneza pikipiki za wauza mikate, hizo angalau zinatembea. Kaburi la Mohamadi mdogo tumelijengea ukingo kama mlivyopatana na Faridi siku ile mlipokwenda.

Tangu uondoke, nyumba hii haina amani hata siku moja, na nimeona nikuandikie badala ya kusema "wote wazima".

Soumaya ana hasira na wewe, ana hasira na mimi, na sisi wawili tunastahili. Wiki ya kwanza alikataa ugali, akakataa choo cha nje, akakataa kuitikia. Nikimfokea ananijibu Kihispania, kwa kasi, macho makavu, na mimi nimesimama na mwiko nisijue kama nimetukanwa. Sasa Jumamosi nakwenda kwa Orpha kujifunza. Simwambii mtoto. Anadhani nakwenda kusuka.

Siku moja nilimshika mkono nikamuuliza, "Unataka nini, mama? Sema kwa lugha yoyote." Akasema kwa Kiswahili, chetu kabisa cha barabarani:

"Mulikuwa munanigombania kama kitenge. Mama mudogo alisema nabakia. We ulisema narudi. Hakuna mutu aliniuliza mi nataka nini."

"Na ungeulizwa?"

"Sijui! Lakini mungeuliza!"

Nilikuandikia kurasa ngapi kwamba mimi niulizwe, mimi niulizwe, na wala sikuona kwamba kuna mtu wa tatu.

Lililonifanya nichukue karatasi ni la Alhamisi. Alimwaga maharage ya jioni uani, makusudi, mbele ya Mama. Nikavua kandambili. Akaona, akatoka mlangoni akikimbia, nami nyuma yake, kitenge mkononi, bila kilemba. Majirani wakatoka kutazama. Alipita kwa kina Namegabe, akapita msikitini, akapanda ule mwinuko wa kwenda barabara kuu. Namegabe akanipigia kelele, "Mama Soumaya! Unamukimbiza mutoto wa moyo?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nikamwita kwa jina, nikamwambia asimame, nimeacha, nimetupa kandambili. Alikuwa tayari juu, mbele ya saluni. Akageuka. Nilitazama midomo yake, Houda, kama nilivyoitazama miaka minane yote, kabla sijatazama macho. Ilikuwa myekundu. Hakuwa amejishika kifua. Hakuwa hata akihema. Niliyeinama nikihema ni mimi.

Akashuka polepole akiwa bado amenuna, akaniuliza, "Unaumwa, mama?"

Nikamvuta, nikapiga magoti pale pale kwenye matope, nikaweka sikio kifuani pake. Akanipiga mateke, akasema watu wanaangalia, nimwache, nimwache. Sikumwacha. Ulikuwa unapiga sawa sawa, kama cherehani nzuri. Kazi hiyo ni yako, wewe na wale madaktari wako. Sikuwa nimekushukuru, nilikuwa sina nafasi kwa sababu ya hasira.

Usidhani imekwisha. "Mama yake ataelewa" bado inanichoma kila nikiikumbuka, na najua wewe nawe una yako. Daktari wa Kinindo anamtaka Januari, nimemwambia mama mdogo atakuwepo kumuuliza maswali yake magumu. Soumaya naye nimemuuliza kama anataka uje. Akasema uje, lakini hatakukimbilia uwanja wa ndege.

Basi njoo. Kuna mambo sijamaliza kukuambia, na sitaki tena kuyaandika.

Dada yako,
Zubeda